Umma na Kiongozi Wake: Funzo la Bibi Titi Mohamed

Katika madarasa ya itikadi liko swali ambalo wengi wetu hupenda kulikwepa. Swali lenyewe ni hili: kwa nini watu wa chini, wasio na mali wala cheo, humfuata kwa moyo wote kiongozi ambaye msimamo wake, ukiupima kwa kipimo cha tabaka, hauelekei upande wao? Kada mvivu hujibu upesi kwamba watu hao wamedanganyika. Jibu hilo ni rahisi kwa sababu halimdai kada kazi yoyote. Lakini haliwezi kuwa jibu la Chama kinachosema kwamba nguvu zake zinatoka kwa umma.

Sisi tunaoandika kutoka Mpanda tumeona inafaa kulijibu swali hili kwa kuitazama upya historia ya Ndugu Bibi Titi Mohamed. Kila mwanafunzi wa historia yetu analijua jina hilo. Hata hivyo, wanaomsifu kwa kawaida huishia mwaka 1961, na wanaomlaumu huanzia mwaka 1967. Wa kwanza wanatupa shujaa asiye na makosa, na wa pili wanatupa msaliti asiye na historia. Bibi Titi alikuwa mtu mmoja, na waliompenda walikuwa watu walewale. Tukiikata historia yake vipande viwili hatutajifunza lolote kuhusu umma.

Mifano ya nje

Tuanze mbali kidogo ili tuyaone vizuri ya karibu. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyokusudia kuweka usawa wa haki za wanawake na wanaume. Ili yawe sehemu ya Katiba, yalihitaji kukubaliwa na majimbo 38. Aliyesimama kuyapinga hakuwa mwanamume, bali mwanamke wa jimbo la Illinois aliyeitwa Phyllis Schlafly. Jeshi lake lilikuwa mama wa nyumbani. Walipashana habari kwa jarida dogo, wakaandika barua, wakawapelekea wabunge wa jimbo mikate waliyooka kwa mikono yao. Muda ulipokwisha mwaka 1982, majimbo yaliyokuwa yamekubali yalikuwa 35 tu, na marekebisho yakaanguka. Wanawake wale walipinga usawa wao wenyewe kwa sababu ubepari haukuwa umewapa kinga nyingine zaidi ya mshahara wa mume. Waliambiwa kwamba kinga hiyo itaondolewa, na hawakuona ni ipi itakayowekwa mahali pake.

Uingereza nako, serikali ya Margaret Thatcher ilitunga sheria mwaka 1980 iliyowapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa bei nafuu. Katika miaka kumi nyumba zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Serikali hiyohiyo ilikabili mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa 1984 na 1985 mpaka ukavunjika. Tabaka la wafanyakazi lilidhoofishwa kiwandani na mgodini, lakini mfanyakazi mmoja mmoja alipewa ufunguo wa mlango wake. Wako wengi waliouthamini ufunguo kuliko umoja wao.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi kwa miaka. Mwaka 2008 Sarah Palin, aliyekuwa meya wa mji mdogo wa Wasilla na baadaye gavana wa Alaska, aliteuliwa kugombea umakamu wa rais wa Marekani pamoja na John McCain. Wasomi wa miji mikubwa walimcheka kwa lafudhi yake, kwa mji aliotoka, na kwa majibu yake katika mahojiano. Watu wa miji midogo waliposikia kicheko hicho walijua kwamba wao ndio wanaochekwa. McCain alishindwa, lakini mikutano ya Palin iliendelea kufurika watu, na vuguvugu la wahafidhina lililozuka mwaka 2009 lilimfanya mmoja wa wasemaji wake.

Kutokana na mifano hiyo tunapata mambo matatu ambayo umma huyatazama kabla haujatazama nadharia: kinga, nyumba na heshima. Hatusemi kwamba Bibi Titi alikuwa mtu wa aina ya hao watatu. Yeye alipigana na ukoloni, na walioko upande wa wakoloni walimwogopa. Tusimpachike jina lisilo lake. Lakini katika suala la mali alifika mahali akasimama upande wa mwenye nyumba dhidi ya uamuzi wa Chama, na bado hakufutika katika mioyo ya watu. Kwa hiyo mambo hayo matatu yanatufaa kumwelewa yeye pia.

Chimbuko la nguvu zake

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Umatumbi. Elimu yake ya shule ilikoma darasa la nne. Mjini alijulikana kwanza kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Jambo hili si la kupitiwa haraka, kwa sababu ndani yake imo siri ya kazi yote aliyoifanya baadaye.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata John Hatch, mtu wa chama cha Labour cha Uingereza, alitembelea Dar es Salaam na kuwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Lilikuwa swali la aibu. Chama kilichosema kinawakilisha nchi nzima hakikuwa na jibu kuhusu nusu ya nchi hiyo. Ndipo Bibi Titi alipotajwa, akaitwa, na sehemu ya wanawake ya TANU ikaanzishwa naye akiwa kiongozi wake. Ilipofika Oktoba 1955, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Tujiulize: mwanamke mwenye elimu ya darasa la nne, bila gari, bila ofisi, bila fedha, aliwapataje watu hao kwa miezi michache? Hakuhubiri kwa watu wasiojua umoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, mweka fedha wake, michango yake na sare yake. Wanachama wake walijua kuitana, kuchangiana katika arusi, kuzikana na kushindana kwa heshima. Tena walikuwa wa makabila mbalimbali, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Serikali ya kikoloni iliviona vikundi hivyo kuwa starehe ya wanawake wa mjini. Kumbe vilikuwa matawi yaliyokamilika, yenye nidhamu na hazina, ila hayakuwa na shabaha ya siasa. Kazi ya Bibi Titi ilikuwa kuwapa shabaha hiyo.

Hapa lipo jambo la pili. Kwa waraka wa mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Karani, mwalimu wa serikali, tarishi, wote waliokuwa na elimu kidogo walitishiwa riziki yao. Lakini mwanamke aliyeuza maandazi, vitumbua au pombe hakuwa na bwana wa kumfukuza kazi. Mjane na mwanamke aliyeachika hawakuwa na mshahara wa kunyang'anywa. Kwa hiyo wale waliodhaniwa kuwa dhaifu kupita wote ndio waliokuwa na nafasi ya kuthubutu. Walibeba habari nyumba kwa nyumba, wakauza kadi, wakapika, wakachanga, wakalala macho mikutano ilipoandaliwa. Wakati mwingine mke alichukua kadi wakati mume, kwa kuogopa kazi yake, hakuweza kuichukua.

Na jambo la tatu ni heshima. Bibi Titi alipopanda jukwaani Mnazi Mmoja alisema kwa Kiswahili cha watu wake. Hakuwa na Kiingereza cha kuazima wala hakukitafuta. Alizunguka nchi pamoja na Mwalimu Nyerere na viongozi wengine, na kila alipofika, mwanamke aliyemsikia aliona kwamba siasa si mali ya waliovaa suti. Hiyo ndiyo maana halisi ya neno ukombozi kwa mtu wa chini. Kabla hajaelezwa faida atakayoipata, kwanza anataka kutambuliwa kwamba yupo.

Sisi wa Katavi tunalo la kukumbuka hapo. Mpanda wakati huo ilikuwa ndani ya Jimbo la Magharibi, na makao ya jimbo yalikuwa Tabora. Huko Tabora, Januari 1958, TANU ilifanya mkutano wake mkuu uliokata shauri gumu la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Kwa mpango huo mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili apige kura alipaswa kuwa na elimu, kipato au cheo cha kiwango kilichowekwa na wakoloni. Maana yake ni kwamba wengi wa wanawake waliojaza mikutano ya TANU hawakuwa na sifa za kupiga kura. Walijenga nyumba ambayo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Hata hivyo hawakuacha kujenga. TANU ilishinda, na mwaka 1960 ilipata viti 70 kati ya 71.

Cheo na jimbo

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 vikundi vya wanawake viliunganishwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa kiongozi wake wa kwanza. Aliingia Bungeni, akawa pia waziri mdogo aliyehusika na maendeleo ya jamii. Mtu wa ngoma sasa alikuwa mtu wa meza na mafaili.

Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, na alama zao zilikuwa Jembe na Nyumba. Mawaziri kama Paul Bomani na Nsilo Swai waliangushwa. Bibi Titi naye alishindwa katika jimbo la Rufiji.

Makada wengi hulitaja jambo hili kwa haraka, lakini kwetu ni la msingi. Linaonyesha kwamba upendo wa umma si upofu. Watu wa Rufiji walijua vizuri Bibi Titi ni nani, na waliamua wanataka mtu mwingine awe mbunge wao. Sifa ya kitaifa ni kitu kimoja, na kazi ya jimbo ni kitu kingine. Mkulima wa Rufiji alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Basi wale wanaosema kwamba wanawake walimfuata Bibi Titi kama kondoo, na waeleze kwanza uchaguzi wa 1965.

Azimio na nyumba ya kupangisha

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Sehemu yake iliyogusa ngozi ya viongozi ilikuwa miiko ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, na asiwe na nyumba za kupangisha. Na Azimio lilieleza kwamba kiongozi ni pamoja na mkewe, au kama ni mwanamke, pamoja na mumewe.

Tuseme wazi kwamba miiko hiyo ilikuwa ya haki. Nchi ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, na tayari tabaka la viongozi lilikuwa linaanza kunenepa. Kiongozi mwenye nyumba za kupangisha hukaa pande mbili za meza moja. Mchana anapanga mambo ya wapangaji, jioni anadai kodi. Siku kodi ya nyumba itakapojadiliwa, atamsemea nani? Katika kipindi kilekile mabenki yalitaifishwa, na mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Chama kilikuwa kimeamua kwamba makazi ya watu yasiwe uwanja wa kunyonyana.

Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Alikataa kuziacha, akajiuzulu katika uongozi wa TANU, na uongozi wake wa UWT nao ukakoma. Kwa kipimo cha Azimio, alichagua mali badala ya dhamana. Hivyo ndivyo kilivyoandikwa katika vichwa vya makada wa wakati ule, na hatuwezi kusema kwamba walikosea katika kuisoma kanuni.

Lakini kada anayeishia hapo amesoma kanuni na hajasoma maisha. Tuutazame ukinzani uliokuwamo. Katika miji yetu ya pwani, na baadaye miji ya bara, nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mwenyewe hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Kwa mwanamke asiye na elimu ya kupata kazi ya mshahara, asiye na kiinua mgongo, anayeweza kuachika asubuhi kwa neno moja, na ambaye katika koo nyingi hana sauti juu ya shamba la ukoo, vyumba hivyo ndivyo pensheni yake. Ndivyo bima yake ya ugonjwa na ada ya mwanawe. Mwanamume kiongozi aliyeacha nyumba zake alibaki na mshahara, akatazamia pensheni, na kijijini alibaki na shamba la baba yake. Mwanamke kiongozi wa darasa la nne aliyepoteza ubunge mwaka 1965 angebaki na nini?

Miiko ilikuwa sawa kwa wote, lakini iliwakuta wasio sawa. Kanuni haiwi batili kwa sababu hiyo. Inadai tu kwamba Chama, kinapoondoa kinga ya zamani, kionyeshe mapema kinga mpya iko wapi. Hapa ndipo tunapokumbuka wale mama wa nyumbani wa Illinois. Mtu akiona anaondolewa ukuta kabla ya kujengewa mwingine, atauegemea ukuta wa zamani hata kama ni wa ubepari. Si kila anayeuegemea ni bepari.

Tena hatukatai kwamba Bibi Titi mwenyewe alikuwa amekwisha kupita daraja la muuza maandazi. Alikuwa kiongozi wa taifa, na mzigo wa mfano ulikuwa juu yake. Lakini wanawake waliomhurumia hawakuwa wanatetea ubwanyenye. Walikuwa wanaona katika nyumba zake vyumba vyao wenyewe.

Kesi na kimya

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Mwaka 1970 alishitakiwa kwa uhaini pamoja na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri, na wengine. Upande wa mashitaka ulimtaja Oscar Kambona, ambaye tangu 1967 alikuwa Uingereza, kuwa kiongozi wa njama ya kuipindua serikali. Kesi ilisikilizwa mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Bibi Titi alipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba hana hatia. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimwachia huru.

Hatukusudii kuifungua upya kesi ambayo mahakama iliimaliza. Tunachotaka ni kutenganisha mambo mawili ambayo yalichanganywa katika mazungumzo ya matawini. Kukataa masharti ya nyumba mwaka 1967 lilikuwa jambo la msimamo, na Bibi Titi alilifanya waziwazi kwa kujiuzulu. Uhaini ni kosa la jinai. Mtu anapotofautiana na Chama kuhusu sera na kuondoka kwa mlango wa mbele, ameuheshimu utaratibu hata kama ameikataa sera. Tukimwita msaliti kwa hilo, tunawafundisha wengine kubaki ndani na kunyamaza huku nyumba zao wameziandika kwa majina ya shemeji na wajomba. Unafiki wa namna hiyo uliligharimu Azimio kuliko kujiuzulu kwa mtu mmoja.

Baada ya kifungo jina lake lilitoweka katika sherehe na katika vitabu vya shule kwa miaka mingi. Vijana waliokua katika miaka ya 1970 na 1980 walisoma habari za TANU ambayo karibu haikuwa na wanawake, wakati TANU ya kweli isingesimama bila wao. Hasara hiyo haikuwa ya Bibi Titi peke yake. Kwa kulificha jina moja, tuliificha kazi ya maelfu waliouza kadi naye. Chama kikawa kama mtu aliyesahau jina la mkunga aliyemzalisha.

Mwaka 1991

Historia haikuishia hapo. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi. Kuanzia hapo kiongozi aliweza kuwa na hisa, kupokea mapato zaidi ya mshahara mmoja, na kupangisha nyumba. Na mwaka huohuo, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la Chama, Uhuru, lilimtaja Bibi Titi kuwa shujaa wa kupigania uhuru.

Makada wanapaswa kuutafakari mwaka huo kwa makini. Kile alichokikataa mwaka 1967, na ambacho kwa kukikataa aliacha uongozi, miaka 24 baadaye hakikuwa sharti tena. Je, maana yake ni kwamba yeye alikuwa sahihi na Azimio lilikosea? Sisi hatukubali hitimisho hilo la haraka. Miiko haikulegezwa kwa sababu wajane walikuwa wamepata haki yao. Ililegezwa baada ya miaka ya taabu ya uchumi, masharti ya wakopeshaji wa nje, na viongozi wengi kuwa wamekwisha kuivunja kwa siri. Aliyenufaika zaidi na kulegezwa huko hakuwa mwanamke mwenye nyumba ya vyumba sita Temeke, bali mwenye uwezo wa kujenga maghorofa. Swali la mwanamke yule halikujibiwa mwaka 1967, na halikujibiwa mwaka 1991. Mara ya kwanza lilifunikwa na kanuni, mara ya pili likafunikwa na biashara.

Bibi Titi alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake.

Tutazame hapa kwetu

Kwa nini mambo haya yawahusu makada wa Mpanda? Mji wetu ni mtoto wa madini na reli. Tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita 210, lilifika hapa mwaka 1950 ili kubeba risasi ya mgodi. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mgodi ulifungwa. Mshahara ulikwenda zake pamoja na kampuni, lakini reli, shamba na nyumba vilibaki. Somo hilo Mpanda ilijifunza mapema kuliko miji mingi: bwana wa mshahara anaweza kufunga virago siku yoyote.

Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012 kutoka sehemu ya Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya 564,000, na ile ya 2022 watu zaidi ya milioni 1.15. Kwa miaka kumi idadi imeongezeka maradufu. Wamekuja wakulima wa mahindi, mpunga na tumbaku, wafugaji, wachimbaji wadogo wa dhahabu, watumishi wa mkoa mpya. Wote hao wanahitaji pa kulala. Mwanamke mwenye vyumba vitatu vya bati na tofali za kuchoma leo anampangisha mwalimu, kesho mchuuzi, na kwa kodi hiyo anaishi. Huyo ndiye anayejaza mkutano wa UWT, ndiye anayepika wageni wa Chama wanapofika, na ndiye anayekwenda nyumba kwa nyumba wakati wa uchaguzi.

Kada anapokwenda kwa mwanamke huyo, anakwenda na nini? Akienda na hotuba ya kumwambia kwamba wenye nyumba ni wanyonyaji, amemtukana. Akienda na sifa tupu za biashara na soko huria, amemwacha mikononi mwa mwenye nguvu atakayekuja kununua kiwanja chake kwa bei ya kutupa. Kazi ya itikadi ni kutenganisha chumba kimoja kinachomlinda mjane na mlolongo wa nyumba unaomtajirisha mmoja kwa jasho la wengi. Kuvitenganisha kunahitaji kukaa naye, kumsikiliza, na kujua hati ya kiwanja chake imeandikwa kwa jina la nani.

Mafunzo

Kutokana na historia hii tunatoa mafunzo manne kwa ajili ya mijadala ya matawi.

Kwanza, umma haungojei Chama ili ujipange. Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na ngoma zao kabla ya TANU, kama wanawake wa Katavi walivyo leo na vikundi vyao vya kuweka na kukopa, vya mazishi na vya kwaya. Kada anayeviona kuwa mambo ya wanawake tu anarudia kosa la mkoloni.

Pili, uungaji mkono wa watu wa chini ni mkopo. Bibi Titi alikopeshwa na wanawake wa nchi nzima, na wapiga kura wa Rufiji walimnyima mwaka 1965. Cheo hakiununui mkopo huo, na kunyang'anywa cheo hakuufuti. Chama nacho ni mkopaji kama wengine.

Tatu, heshima hutangulia hoja. Anayemcheka kiongozi wa watu kwa elimu yake au kwa lafudhi yake anamwongezea wafuasi, Alaska na hata Inyonga. Kama msimamo wake una kasoro, tuikosoe kasoro kwa hoja, mbele ya watu, kwa lugha yao. Mwalimu alitufundisha mwaka 1962 kwamba kujisahihisha si udhaifu, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno. Mafunzo hayo hayana tarehe ya kwisha.

Nne, usawa wa kanuni si usawa wa hali. Kila tunapoweka sharti, tuulize litamkuta nani akiwa amesimama wapi. Tukishindwa kujenga kinga ya pamoja kwa wajane, wazee na wasio na pensheni, basi tusishangae watu wanapoitafuta kila mmoja peke yake, wala tusiwaite wasaliti wanapomshangilia anayewaahidi kuilinda.

Mwanamke aliyeuza kadi za TANU mwaka 1955 alitaka mambo mawili: nchi iwe yake, na mlango wa nyumba uwe wake. La kwanza tulimpa tukiwa pamoja naye. La pili tumekuwa tukilizungumza tangu 1967, mara kwa sauti ya kanuni, mara kwa sauti ya soko. Makada wa Katavi waingiapo kwenye ua wa mwanachama wao wa kwanza, waanze na swali hilo, kisha wakae chini na kumsikiliza.